Sema "Mimi"

Habari za kifo cha Madam Rahab zilinikuta nimeketi upande ule wa meza ambao zamani ulikuwa unanitoa jasho. Tulikuwa tunahoji vijana wa kazi. Aliyekuwa mbele yetu alikuwa amevaa koti linalompwaya mabegani, anatueleza jinsi alivyoongoza timu ya wenzake chuoni hadi wakamaliza mradi uliokuwa umekwama. Alisema vizuri. Siku hizi wote husema vizuri. Majibu wanayatoa kwenye simu yakiwa yameshapigwa pasi. Simu yangu mwenyewe ikatetemeka juu ya karatasi, nikaona maneno machache ya jirani wa Ruiru: Rahab ametuacha, mazishi ni Murera, kwa shamba la ndugu yake. Nikaigeuza simu kifudifudi na kumuuliza yule kijana swali la mwisho, lile la angefanya nini tofauti kama siku ile ingerudi. Sauti iliyotoka kinywani mwangu ilikuwa nzito na ya taratibu, na haikuwa yangu; ilikuwa ya Madam Rahab. Wenzangu hawakutambua lolote. Kijana ndiye aliyeinua kichwa ghafla na kunitazama, kama mtu aliyesikia mlango ukifunguliwa nyuma yake.

Sitaeleza nilikozaliwa wala tulikuwa wangapi nyumbani. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, ule niliokaa mtaa wa Landless, Thika, katika chumba kimoja cha mawe chenye dirisha la kutazama kamba za nguo za majirani. Nilikuwa na diploma, nguo moja nzuri ya kwenda kuhojiwa, na jiko la mafuta ya taa ambalo lilikitia kila chakula changu harufu yake. Nilikuwa nimeitwa kwenye mahojiano mara kadhaa, na kila mara niliangukia mahali pamoja. Waliniuliza nieleze wakati nilipoongoza wenzangu katika hali ngumu, nami nikajibu kwamba mimi ni mtu wa bidii, ninayependa kushirikiana na watu, na ninayemcha Mungu. Mara ya mwisho mzee mmoja wa kamati alifunga kalamu yake kabla sijamaliza sentensi. Nilisikia ule mlio mdogo wa kifuniko kwa siku nyingi, hata nikiosha vyombo.

Kanisani kwetu kulikuwa na mama aliyeniambia nimtafute Madam Rahab. Aliwahi kuwa ofisa wa wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha nguo hapo Thika mpaka kilipofungwa, na sasa alikuwa amestaafu Ruiru, akiwafundisha vijana kujibu maswali ya kazi. Hakutaka malipo, ukienda na paketi ya maziwa inatosha. Nilimkuta katika nyumba ya mawe nyuma ya ua wa miiba ya kayaba, mwanamke mrefu mwenye mvi fupi, sweta imefungwa vifungo hadi shingoni. Sebuleni kulikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma na meza ndefu iliyotandikwa shuka jeupe. Yeye alikaa nyuma ya meza, sisi mbele yake kwenye kiti cha mbao, mmoja mmoja, na anayesubiri zamu alikaa kwenye kochi. Mapazia yalikuwa ya njano na hayakufunguliwa mchana, kwa hivyo mle ndani ilikuwa kila wakati kama saa ile jua linapotaka kuzama, hata Julai, wakati jua lenyewe halionekani. Mwaka ule tuliobaki hadi mwisho tulikuwa wawili, mimi na Mutua.

Mutua alitoka upande wa Yatta, mbele ya Matuu, na alikuwa amekuja miezi michache tu kukaa na binamu yake mwanafunzi kule Kahawa Wendani. Alikuwa mpole, mwenye mikono mirefu ambayo hakujua pa kuiweka. Maisha yake yote alikuwa amelima, akauza maembe barabarani, na akaongoza kwaya ya vijana. Hakuwahi kufanya kazi kiwandani. Naliandika hilo mapema kwa sababu mimi mwenyewe nilimuuliza baadaye, zaidi ya mara moja, na jibu halikubadilika.

Madam alitufundisha kwamba jibu lina miguu minne kama kiti: ulikuwa wapi, ulitakiwa kufanya nini, ukafanya nini, na ikawaje. Mguu mmoja ukikosekana, unaanguka mbele ya wakubwa. Hakukubali hadithi ya kubuni. Alisema uongo hauna harufu, na alikukatiza katikati ya maneno akakuuliza chumba kilinuka nini siku hiyo, nawe kama ulikuwa unadanganya ulibaki mdomo wazi. Lakini kilichotushinda zaidi ni neno "sisi". Tulikuwa tumelelewa kanisani, mahali ambapo anayesema "mimi" anaombewa. Mutua alipoanza kueleza kwamba kwaya yao iligawanyika, na kwamba tulikaa, tukaongea, tukaelewana, Madam aligonga meza kwa kidole. "Sisi ni nani? Kiti hicho kimekaliwa na mtu mmoja. Sema mimi." Kwangu mimi shida ilikuwa nyingine: sikuwa na hadithi. Nilijaribu kamati ya mazishi, nikajaribu siku tuliyozibua mtaro wa ploti yetu, zote zikafa mdomoni. Madam hakunikaripia. Alisema hadithi yangu ipo, ila sijaifikia.

Jumamosi moja alichoka na kwaya. Alimwambia Mutua afumbe macho, aache kuongoza watu wa kwaya, akumbuke tu chumba chochote ambamo watu walimtegemea, aanze na harufu. Nilikuwa kwenye kochi, nguaci za moto, vile viazi vitamu, zimefunikwa kwenye sahani pajani mwangu, na nakumbuka nikiona vidole vya Mutua vikitulia juu ya magoti kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alisema kulikuwa na harufu ya kiberiti kilichowashwa, lakini nyingi, ya kukaba koo. Akasema kuna matangi, na magunia ya dawa yaliyolowa maji na kuanza kufuka moshi mweupe. Watu walikuwa wanakimbia kila upande bila kuona. Mtu mmoja, akasema, alivuta kitambaa kirefu kutoka kwenye tangi, akawapa wote wakishike, kila mmoja mahali pake, akatangulia mbele kuwaongoza mlangoni.

"Sema mimi," akasema Madam, kwa mazoea tu, bila kuinua macho.

Mutua akaendelea, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mimi nilivuta kitambaa. Mimi nilitangulia. Nilikuwa nahesabu kwa sauti ili wanifuate."

Madam alikuwa anamimina chai. Chai ikajaa kikombe, ikajaa kisahani, ikaanza kuenea kwenye shuka jeupe, naye anaendelea kumimina. Nilipoinuka kumsaidia alinizuia kwa mkono. Akamuuliza Mutua kitambaa kilikuwa rangi gani.

"Kijani," akajibu. "Ndani kilikuwa kijani. Tulipofika nje kikapigwa na hewa, ndipo kikawa bluu tukiwa bado tumekishika."

Madam aliweka birika chini. Alituambia somo limekwisha, twende nyumbani.

Jumamosi iliyofuata nilifika mapema. Nilikuwa nje kwenye tangi la maji nasuuza vikombe wakati jirani yake, Mama Shiru, alipoingia kwa mlango wa nyuma na bakuli la maharagwe, na kupitia dirisha la jikoni nikawasikia wakizungumza Kikuyu kwa sauti ya chini. Ndivyo nilivyojua habari za Karanja. Alikuwa nyapara wa zamu katika chumba cha rangi, Rahab akiwa karani msichana katika ofisi ya wafanyakazi. Dawa ilipofuka, Karanja aliwatoa watu wake wote wakiwa wameshika kitambaa cha nili. Kitambaa cha nili hutoka kwenye tangi kikiwa kijani, na hugeuka bluu kikikutana na hewa. Mama Shiru hakulijua hilo mpaka Rahab alipomwambia. Rahab alikuwa uani akiita majina, na wote waliitikia. Ndipo Karanja, aliyekuwa ameshatoka, akageuka na kurudi ndani ya ule moshi. Walimtoa baadaye akiwa maiti. Hakuna aliyejua alichokifuata. Kiwandani walisema alirudi kuchukua koti lake, na neno hilo likakaa, mpaka likawa mzaha wa watu wanaosahau vitu. Mwezi uliofuata alikuwa aende kwa wazazi wa Rahab kujitambulisha. Rahab hakuolewa na mtu mwingine.

"Ni yeye anaongea," nilimsikia Madam akisema.

"Tigana na mwana wa andũ," akamjibu Mama Shiru. Amwache mtoto wa watu. Akarudia mara ya pili, taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Nilisimama pale na kikombe mkononi, maji ya baridi yananitiririka hadi kwenye kiwiko, na kupitia kwenye ua nikamwona Mutua akija, amevaa koti jeusi ambalo sikuwahi kumwona nalo. Alisema ni la binamu yake, kwa sababu ya baridi.

Nilimweleza yote siku hiyo hiyo, tukitembea kuelekea barabara kuu. Hakushangaa kama nilivyotarajia. Alisema hadithi ile haikuja kama ndoto wala kama sinema. Ilikuja kama kitu alichowahi kufanya akakisahau, na kila siku anakumbuka kidogo zaidi, hasa akiosha vyombo, maji yakigusa viganja vyake. Nilimwambia aiache, ataje kwaya kwenye mahojiano yake. Alikuwa ameitwa na kampuni ya kufunga maji ya chupa hapo Ruiru, kwa kazi ya kusimamia vibarua, na siku zilikuwa zinakaribia. "Nyokabi, hii ndiyo naweza kusema vizuri," akaniambia. "Ile ya kwaya nikisema hata mimi siskii kitu." Ilikuwa kweli. Niliposikiliza ile ya matangi, nilisahau kwamba ni mazoezi.

Kuanzia hapo masomo yetu yalibadilika. Madam, aliyekuwa akitukatiza kwa kila kosa, sasa hakumkatiza Mutua hata mara moja. Zamu yangu ilikuwa fupi. Aliniuliza swali, akaitikia kwa kichwa bila kusikiliza, kisha akamwita Mutua kitini. Alimwuliza ukuta wa kushoto ulikuwa na nini, nani alikuwa nyuma yake, nani alilia, naye akajibu, na Madam akafumba macho kama mtu anayeonja chakula cha kwao. Kila mara Mutua alifika mlangoni, akawatoa watu, akakoma. Alifungua macho, akatukodolea kana kwamba sisi ndio wageni mle, kisha akakohoa kwa muda mrefu. Alianza kukonda. Chai alikuwa anaiacha ikipoa, akisema ina ladha ya kiberiti. Nami nilikuwa nasema moyoni kwamba mtu anaweza kukohoa Julai Ruiru bila sababu nyingine zaidi ya Julai, na nilikuwa najua kwamba najidanganya. Ajabu ni kwamba sikumwogopa yule aliyekuwa anaongea kupitia kwa Mutua. Nilimwogopa Madam, niliyekuwa nampenda.

Jumamosi ya mwisho kabla ya mahojiano yake, tulikuta jiko la makaa limewashwa sebuleni na kiti cha Madam kimehamishwa. Hakukaa nyuma ya meza. Alikaa kando ya Mutua, magoti yao yakikaribia kugusana, akamshika kifundo cha mkono kama nesi anayetafuta mapigo. Niliona kucha za Mutua zina ubluu. Nilijiambia ni baridi. Madam hakuuliza kuhusu harufu wala kuhusu miguu minne. Alimwambia afumbe macho, na akaanzia mlangoni.

"Watu wote wametoka," akasema. "Nimeyaita majina, wote wameitikia. Wewe ulikuwa umesimama hapo, umetoka tayari. Kwa nini ulirudi?"

Makaa yalikuwa yanalia taratibu ndani ya jiko. Mutua aliposema, midomo yake haikufunguka sana.

"Nilisikia unaniita."

"Nilikuwa nje."

"Nilikusikia ndani. Uliniita, ukaniita tena. Macho yalikuwa hayaoni. Sauti yako ilitoka kule kwa matangi."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka namna ile mbele yangu. Lakini hakumwachilia mkono. Aliinama karibu zaidi, na akauliza kwa sauti ya msichana, sauti nyepesi isiyokuwa na miaka ndani yake: "Niambie nilikuitaje. Kuna jina nililokuwa nakuita mimi peke yangu. Niambie."

Mutua akainuka. Macho yakiwa yamefumbwa, akamvuta Madam aliyemshika, akageukia ukuta ule ambao hauna mlango wala dirisha, akapiga hatua, na nyingine. Alivuta pumzi kama mtu anayetaka kutamka neno, na ile pumzi haikutoka. Nilisubiri itoke. Haikutoka. Uso wake ulikuwa umeanza kuwa rangi ya majivu, na Madam alikuwa anamtazama mdomo, anausubiri ufunguke, na nikaelewa kwamba hatamwita arudi. Angemwacha aende mpaka mwisho, kwa sababu alikuwa amesubiri miaka mingi mno, na aliyekuwa mbele yake kwake hakuwa Mutua.

Nilikuwa msichana ambaye hakuwahi kumjibu mtu mzima. Nilisimama nikamwita. "Mutua!" Nilimwita tena kwa nguvu, nikataja na jina la mama yake, kama wanavyoitana kwao. Nikaushika mkono wa Madam na kuufungua kidole kwa kidole. "Madam, inatosha. Huyu ni Mutua. Ana intavyu Jumatatu."

Pumzi ikamtoka Mutua kwa sauti ya kitambaa kinachopasuka. Alikaa chini sakafuni, akakohoa, akalia, akaniomba maji. Nilipomletea, Madam alikuwa bado amesimama, mkono wake ukining'inia hewani pale nilipouacha. Niliogopa kwamba nimemvunjia heshima kiasi cha kutosameheka. Yeye alikuwa anatazama ule ukuta.

"Kwa hivyo hakurudi kuchukua koti," akasema.

Baadaye, alipoweza kuketi, alituambia kilichobaki. Wote waliitikia isipokuwa Karanja, ambaye jina lake lilikuwa la mwisho kuitwa. Alikuwa ameshatoka, lakini hakuitikia kwa sababu alikuwa amebanwa na kikohozi, naye Rahab, ambaye hakumwona katika moshi, kwa hofu aliacha kuita jina la kazini na kuita lile lao wawili, kwa sauti yake yote, tena na tena. Ule ua ulikuwa na kuta ndefu na matundu ya hewa ya chumba cha rangi. Wafanyakazi wote walijua kwamba ukiita pale, sauti yako hukujibu kutoka ndani. Walikuwa wakiichezea saa ya chakula. Alisimulia hayo bila machozi. Kisha akaenda akafungua mapazia ya njano, na mwanga mweupe wa Julai ukaingia hadi chini ya makochi. Alitupakulia mukimo wa viazi na mahindi ya kuponda, na maharagwe aliyokuwa ameleta tena Mama Shiru. Miezi ile yote hatukuwahi kumwona akila pamoja nasi. Siku hiyo alikula, akaongeza, na akamwambia Mutua, "Baba, hiyo hadithi usiipeleke popote. Ni yangu."

Mutua alikwenda Jumatatu akaeleza kwaya. Alisema "sisi" kutoka mwanzo hadi mwisho, na mmoja wao alipomuuliza yeye hasa alifanya nini, akajibu kwamba alianzisha wimbo tu, wengine wakashika sauti zao. Walimchukua. Mimi niliitwa miezi kadhaa baadaye na shamba moja la maua, na mwanamke wa kamati akaniuliza kama niliwahi kumpinga kiongozi niliyemheshimu ili kumlinda mwenzangu. Nilimwambia kuhusu mwalimu aliyekuwa anamchosha mwanafunzi wake hadi akakosa pumzi, na nikasimama. Sikueleza zaidi. Aliponiuliza ningefanya nini tofauti, nilisema ningesimama wiki ya kwanza, siku ile niliyoona chai ikimwagika. Alinitazama kwa muda, kisha akaandika kitu. Nadhani alikuwa amenusa kwamba chumba kile kilikuwepo.

Tulimzika Madam Rahab Murera asubuhi yenye ukungu, mahema meupe yamepigwa kati ya mahindi na nyumba mpya za ghorofa. Mutua nilimtambua kwa mikono. Ana mvi sasa, na wajukuu, na kwa miaka yote hiyo tulikuwa tunatumiana salamu za sikukuu bila kuligusa jambo lile. Watu walipopanga mstari kumuaga marehemu, yeye aliinama juu ya jeneza kwa muda mrefu kuliko kawaida, hata mama mmoja nyuma yake akamgusa bega. Nilimwona kinywa kikicheza, nikadhani anaomba.

Baada ya kaburi kufunikwa tulipewa sahani za pilau na kabichi, tukakaa kando kwenye viti vya plastiki. Nilimuuliza kama bado anakumbuka. Alisema yale ya matangi yamefutika yote, kitambaa, moshi, hata rangi. Anajua tu kwamba aliwahi kuyasema. Anachokumbuka ni ile hatua ya mwisho kuelekea ukutani.

"Niliitwa na watu wawili," akasema. "Yule mwingine, mwenye sauti ya msichana, alikuwa karibu kuliko wewe. Lakini jina aliloita halikuwa langu."

Nilimuuliza kama alilisikia.

"Nililisikia vizuri. Nimekaa nalo miaka hii yote, Nyokabi, kwa sababu halikuwa la kuambiwa mtu mwingine." Akageuza uso kuelekea udongo mwekundu, ambako watoto wa jamaa walikuwa wanapanga maua. "Nimemwambia leo asubuhi, kabla hawajafunga jeneza."